Kopo Lisilo na Maandishi

Atupele alikuwa na duka la dawa muhimu pale Ipinda, hatua chache kutoka barabara iendayo Matema, na kwa miaka kumi na moja watu walimjua kwa jambo moja: hauzi dawa bila kuuliza. Ukitaka vidonge vya kikohozi atakuuliza kikohozi kina siku ngapi. Ukitaka dawa ya minyoo atakuuliza uzito wa mtoto. Wapo waliomwona msumbufu wakahamia duka la pili, lakini waliobaki walimwamini, naye alijivunia kuaminiwa huko kuliko alivyojivunia cheti chake kilichoning'inia ukutani.

Siku moja ya gulio, mwezi wa tano, mvua ikiwa imepumzika tangu alfajiri, aliingia Yunis. Yunis alikuwa mfinyanzi wa upande wa Ikombe, Mkisi kwa kabila, mwanamke mwembamba mwenye mikono mipana. Kila gulio alivuka na vyungu vyake ziwani kwa mtumbwi hadi Matema, kisha kwa gari hadi Ipinda. Binti yake, Tumaini, alisoma kidato cha tatu hapo Ipinda na alipanga chumba na mwenzake karibu na shule. Yunis alisalimia, akasema anataka asprini, pakiti nzima.

Atupele akauliza ni ya nani. Yunis akaeleza kwamba ni ya Tumaini. Mtoto ana siku mbili anaumwa, kichwa kinamgonga, anatapika, anahema kama aliyetoka kukimbia. Alishapimwa malaria, hakukutwa nayo. Yeye mama amefika jana jioni, akampa asprini mbili, usiku mbili nyingine, asubuhi mbili, na bado.

"Na masikio," Yunis akaongeza, "anasema yanalia. Kama ana mzinga wa nyuki kichwani. Nikimwita hanisikii mpaka nimguse."

Mkono wa Atupele ulikuwa umeshafika kwenye rafu. Aliurudisha.

"Yuko wapi?"

Alikuwa nje, kwenye benchi la fundi cherehani, amejifunika kanga kichwani kama mama mzee. Atupele alichuchumaa mbele yake, akaifunua ile kanga taratibu. Mashavu na kidevu vilikuwa vimechubuka. Ngozi ilikuwa imejikunja na kuachia kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto, na chini yake palikuwa na wekundu unaotoa majimaji. Tumaini alikuwa anapumua kwa haraka na kwa nguvu, macho yamemlegea. Atupele alipomshika bega alisikia kitu kikichakarika chini ya shati la shule. Nailoni. Mgongo mzima, mabega na kifua, mtoto alikuwa amezungushiwa mfuko wa nailoni uliopasuliwa, na ukingoni mwa nailoni ngozi ilikuwa vilevile kama ya usoni.

"Umepaka nini, mwanangu?"

Ikabidi aulize mara mbili, kwa sauti. Tumaini akaingiza mkono kwenye begi la daftari akatoa kopo jeupe la plastiki, la ukubwa wa ngumi. Halikuwa na karatasi, halikuwa na jina, wala tarehe. Ndani mlikuwa na kitu kizito cheupe kinachonuka spiriti na manukato ya bei rahisi. Ni dawa ya chunusi, akasema. Ana wiki moja na nusu anaipaka asubuhi na jioni. Kwa mgongoni aliambiwa afunge nailoni ili iingie vizuri, ifanye kazi haraka.

"Nani alikuambia?"

"Mama Lugano wa Bondeni." Mtoto alimeza mate kwa shida. "Alisema ndiyo dawa ileile ya dukani kwako. Kwamba yeye ni wifi yako, umemfundisha mwenyewe."

Mama Lugano ni Beatrice, mke wa Ebeneza, na Ebeneza ni mdogo wake Atupele, tumbo moja. Atupele akataka kusema neno, akaona likitoka litakuwa baya, na mtoto yuko mbele yake. Akaliacha.

Alimpeleka uani, akaikata nailoni kwa mkasi, akafungua bomba na kumwagia maji mengi, usoni, mgongoni, kifuani, dakika kumi nzima, huku Yunis akimshikilia mtoto asianguke na kuuliza kwa nini anamlowesha mgonjwa. Atupele alizima bomba. Alimfunga kanga kavu, akamwambia fundi cherehani amwangalizie duka, akasimamisha bajaji.

Ndani ya bajaji ndipo alipompigia Beatrice. Hakumsalimu.

"Kwenye yale makopo umeweka nini?"

Beatrice alianza kuuliza yapi, nani kasema, mbona wifi anaongea hivyo. Atupele alirudia swali. Ndipo Beatrice akasema ni ile asidi, si wifi mwenyewe ndiye aliyemweleza? Asidi ya salisiliki.

"Asilimia ngapi?"

"Imeandikwa thelathini. Lakini nimechanganya na losheni, wifi, siuzi hivihivi."

"Umechanganya kwa kipimo gani?"

"Kwa macho," alisema Beatrice.

Atupele akakata simu.

Hospitalini aliwapokea daktari kijana aliyeitwa Zebedayo. Atupele alimweleza yote kwa mpangilio, kopo, asilimia, siku, nailoni, asprini sita, na kijana yule akaacha kuandika katikati akanyanyuka. Wakamlaza Tumaini, wakamwekea dripu, wakachukua damu. Baadaye kidogo daktari akatoka kuzungumza na mama yake, akamweleza kwa maneno ya kawaida. Hii asidi na asprini ni ndugu, akasema. Ikipakwa kidogo mahali padogo, ngozi inainywa kidogo tu, haina madhara. Ikipakwa kali, sehemu kubwa ya mwili, halafu ikafunikwa kwa nailoni, ngozi inainywa kama ardhi kavu, inaingia kwenye damu. Hapo ndipo masikio yanapolia, mtu anatapika, anahema. Ni dalili zilezile za mtu aliyekunywa asprini kupita kiasi.

Yunis alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo Atupele alikuwa anaomba asiliseme.

"Na mimi nikamwongezea ya mdomoni."

Zebedayo alisema mama hakuwa na namna ya kujua. Alisema pia kwamba wamewahi, na kwamba dawa iliyomo kwenye dripu inasaidia figo kuitoa asidi. Yunis alikaa kwenye benchi, akainamia mikono yake. Alipoinua uso hakumtazama daktari.

"Dada Atupele," alisema, "mwanangu asingenunua dawa kwa mtu asiyemjua. Jina lako ndilo lililomfanya anunue."

Hakupandisha sauti. Atupele alitamani Yunis amfokee, maana angepata pa kujitetea.

Usiku ule hakula. Hasira yake ilikuwa na mahali pengi pa kwenda na yote ilikuwa inapita mahali pamoja: Krismasi iliyopita. Aliugua, Beatrice akaja kumsaidia dukani siku sita, akipanga maboksi na kufagia. Siku moja Beatrice aliinua kitubu cha dawa ya chunusi akauliza hiki kinafanyaje. Na Atupele, aliyependa kuulizwa, akafundisha. Alimweleza kwamba asidi ya salisiliki inalegeza ngozi iliyokufa ili itoke, inafungua vinyweleo vilivyozibwa na mafuta, ndiyo maana inafaa kwa vichunusi vyeusi na vile vidogo vigumu vya kwenye paji. Alimwambia ikiwa kali zaidi inatumika kuondoa sugu za miguuni na chunjua. Alifurahia jinsi wifi yake alivyokuwa makini. Kwamba ya chunusi ni asilimia mbili, hilo alilisema. Kwa nini ni mbili na si ishirini, hilo hakulisema. Halafu wakaja wateja, somo likaishia hapo, na mwenzake akaondoka na nusu.

Kesho yake asubuhi alifunga duka akaenda Kyela mjini. Aliposhuka Bondeni alitembea bila kuwaitikia wanaomsalimu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kibanda cha vipodozi cha Beatrice kilikuwa kimefungwa, akaenda nyumbani. Aliwakuta wanakunywa chai, Ebeneza na mkewe, na Ebeneza akavuta kiti haraka, akasema karibu dada, kama mtu aliyekwisha kujipanga.

Atupele hakukaa. Alimwambia Beatrice alete chupa ya ile asidi.

Beatrice aliileta kutoka chumbani. Ilikuwa ya lita moja, ya rangi ya kahawia, imebakia robo. Tofauti na makopo, hii ilikuwa na karatasi, tena imejaa maandishi ya Kiingereza. Atupele aliyasoma kwa Kiingereza chake cha darasani, polepole, kisha akawatafsiria wote wawili, kidole kikifuata mstari. Kwa matumizi ya wataalamu wa ngozi tu. Usipake kwa zaidi ya dakika chache. Osha kwa maji mengi. Usifunike. Usitumie kwa watoto wala wajawazito.

"Uliyasoma haya?"

Beatrice alisema muuzaji wa kule ng'ambo, Malawi, mtu anayeheshimika na mwenye duka kubwa, alimwambia ni dawa nzuri, wenye saluni wote wananunua kwake. Alisema hakuwa na nia mbaya. Alisema wasichana wanateseka na chunusi, wanachekwa, na vitubu vya dukani ni vidogo, vinaisha wiki mbili na havionyeshi kitu, yeye alitaka kitu kinachofanya kazi. Huyo Tumaini mwenyewe alikuja analia, kwamba shuleni wanamwita Kokoa, kwa vile ganda la kokoa lilivyo na vinundu.

"Niliijaribu kwanza," Beatrice akamalizia. "Sikuuza kitu ambacho sijakijaribu."

"Uliijaribu wapi?"

Beatrice akajifuta poda kwenye shavu la kushoto kwa kiganja. Chini yake palikuwa na doa jeusi, pana kama jani la kisamvu, limekakamaa.

Atupele alilitazama lile doa. Kabla ya hapo alikuwa amekasirikia ujinga, na ujinga unaweza kuusamehe. Sasa hili lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Ilikuunguza, ukaona, ukapaka poda, ukafungua kibanda ukawauzia watoto wa watu."

"Nilidhani mimi ndiye nina ngozi mbaya, wifi. Ndipo nikaongeza losheni."

"Kwa macho."

Ebeneza akaingilia. Kwa sauti ya upole ya mtu anayetaka kuzima moto, alimwambia dada yake kwamba mtoto yuko hospitalini anatibiwa, watachangia matibabu, na mambo ya ndani yaishie ndani. Mke wake amekosea, lakini ni mke wake. Na dada akumbuke ni yeye aliyemfundisha.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkata. Atupele alimgeukia mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa msichana wa miaka minane, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba angeweza kumpiga kofi.

"Nakumbuka," alisema. "Ndiyo maana nimekuja. Umeuza makopo mangapi, Beatrice?"

"Kumi na moja."

"Unawajua walionunua?"

Aliwajua. Wengi walikuwa kwenye simu yake.

"Vaa viatu. Tunakwenda kuyachukua."

Beatrice alimtazama mumewe, na mumewe akatazama kikombe. Beatrice akavaa viatu.

Walizunguka siku ile wanawake wawili wasiosemezana. Walianza na pale pale Bondeni, kwa msusi mmoja aliyekuwa ametumia mara mbili akaacha kwa sababu inawasha. Alilitoa kopo chini ya kiti bila maneno. Kwa muuza vitenge lilikuwa halijafunguliwa. Kila mlango Atupele alisimama nyuma, akamwacha Beatrice aseme mwenyewe kwa kinywa chake, na kama Beatrice alianza kusema "kuna hitilafu kidogo" alimkatiza: "Sema ilivyo." Kufikia mlango wa nne Beatrice alikuwa anasema bila kukatizwa. Nimewauzia asidi kali bila kupima. Mtoto mmoja yuko hospitalini. Naomba mnirudishie.

Walikodi bajaji kwenda Bujonde. Kule nyumba mbili zilikuwa na makopo matatu. Kwenye nyumba ya kwanza walimkuta mwanamke kijana, Tusekile, anageuza kokoa kwenye mkeka juani, tumbo limetangulia, miezi saba. Alikuwa anaipaka ile dawa mapajani na tumboni, kuondoa michirizi. Beatrice alipoliona lile tumbo alisimama njiani. Hakujua, akasema baadaye, kopo lilichukuliwa na dada wa Tusekile. Atupele hakuwa na nafasi ya kusikiliza. Alimkalisha Tusekile kivulini, akamuuliza masikio, kichwa, mtoto anacheza? Anacheza. Ameanza kupaka lini? Juzi. Akamwambia aoge sasa hivi, kwa sabuni na maji mengi, na leo hii aende kliniki, awaambie hilo kopo lilikuwa na nini. Aliliandika jina la asidi kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, akampa mama mkwe wa Tusekile, aliyekuwa mlangoni. "Ndaga," alishukuru yule mama, kisha akamtazama Beatrice kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaingia ndani bila kumuaga.

Kwenye bajaji Beatrice alilia. Atupele hakumbembeleza. Alitazama mashamba ya mpunga yakipita, maji yamesimama, na alijichukia kidogo kwa kutokumbembeleza, lakini si kiasi cha kunyoosha mkono.

Aliyewasumbua alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Jubilate, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, nadhifu, amechomekea shati. Uso wake ulikuwa safi. Alisikiliza maelezo yote, akasema haliachii kopo. Alisema amekuwa na chunusi tangu darasa la saba. Amepaka limau, amepaka dawa ya meno, amepaka majivu, amekatwa na wembe akachanjwa. Dawa hii ndiyo ya kwanza kumsaidia. Anapaka kiasi cha kidole kwenye paji tu, anaosha baada ya muda, kwa sababu aliona inawasha akatumia akili.

"Mnasema ni sumu," alisema, "lakini mimi huyu hapa."

Hapo Atupele alijikuta amekasirika kwa namna nyingine, maana mwalimu hakuwa mjinga. Ingekuwa rahisi kumwambia ndiyo, ni sumu, itupe, na angetii. Akavuta kiti.

"Si sumu," alimwambia. "Ninaiuza mwenyewe. Ni dawa nzuri, na imekufaa kwa sababu ndiyo kazi yake. Shida si asidi. Shida ni kwamba hakuna mtu duniani anayejua kwenye kopo hilo imo kiasi gani, hata huyu aliyeichanganya. Juu inaweza kuwa kumi, chini ikawa ishirini na tano, kwa sababu haikukorogwa sawasawa. Leo umechota juu. Kesho utachota chini."

Jubilate aliligeuza kopo mkononi, akalitikisa, akalifungua, akachungulia.

Atupele akamweleza ambacho hakumweleza Beatrice Krismasi. Kwamba asilimia mbili inatosha uso wa mtu, na kwamba aanze siku moja moja, siku nyingine apumzike, asipake penye kidonda wala karibu na macho. Kwamba inachukua wiki sita, wakati mwingine nane, na hakuna njia ya mkato, kwa sababu ngozi inajitengeneza kwa mwendo wake. Kwamba ikikauka na kuchubuka apunguze, asiongeze. Kwamba jua linaunguza zaidi ngozi inayotumia dawa hiyo, avae kofia. Kwamba mtu ambaye asprini humvimbisha au humbana kifua asiiguse kabisa. Beatrice alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na Atupele alijua anasikiliza, na alisema kila neno taratibu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu akatoa kopo. Lakini akamuuliza Beatrice, kwa heshima kabisa, kwa nini hayo yote hakumwambia siku alipomuuzia.

Jioni walikuwa na makopo tisa, ukiongeza lile la Tumaini, kumi. La kumi na moja lilinunuliwa na mwanamke aliyekuwa anapita kurudi Karonga kwa ndugu zake. Namba yake haikupatikana siku ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Waliposhuka Bondeni, Beatrice alimshika wifi yake mkono kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alisema yamerudi, isipokuwa moja. Chupa ataimwaga. Hatauza tena dawa ya aina yoyote maishani mwake, ataapa kanisani wifi akitaka. Yaishie hapa.

Atupele alifikiri. Hilo halifichwi: alifikiri kweli, akiwa amesimama na mfuko wa makopo mkononi. Alimfikiria mama yao, Asegelile, aliyezeeka akipenda kuona watoto wake wanakaa mkeka mmoja. Alifikiria jina lake mwenyewe litakavyoandikwa kwenye karatasi za serikali. Kisha akamfikiria yule muuzaji wa ng'ambo mwenye duka kubwa, na saluni zote alizosema zinanunua kwake, na akaona kwamba kama atanyamaza, atakuwa amekusanya makopo kumi tu.

"Chupa usiimwage," alisema. "Nipe."

Kesho yake alikwenda wilayani kwa mkaguzi wa dawa na vipodozi, akaweka mezani chupa na makopo. Aliulizwa kama duka lake lilihusika. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli. Alisema dukani kwangu haikutoka dawa hii, lakini maarifa yalitoka, tena nusu. Mkaguzi alimtazama, akaandika. Atupele alisoma karatasi yote kabla ya kutia saini.

Kibanda cha Beatrice kilifungwa na akatozwa faini. Chupa nyingine kama ile zilikutwa kwenye saluni mbili za mjini. Mama yao alimpigia Atupele simu akamwambia maneno machache, kwamba amempeleka mke wa mdogo wake serikalini, na hajui atawatazama wakwe usoni vipi. Ebeneza hakupiga kabisa. Kwenye msiba wa mjomba wao, mwezi wa sita, alipita mbele ya dada yake kama anapita mbele ya nguzo. Beatrice ndiye aliyemletea Atupele maji ya kunawa. Shavu lake halikuwa na poda. Aliinama, akamimina, na Atupele akanawa, na Beatrice alisubiri mpaka mikono ilipotakata kabisa ndipo akaondoa beseni.

Tumaini masikio yaliacha kulia siku ya tatu, na siku ya tisa akatoka. Mgongo ulipona vizuri. Usoni palibaki mabaka meusi, na Zebedayo alisema yatafifia kwa miezi, pengine mwaka, akijikinga na jua. Darasani walikuwa wamepata jina jipya la kumwita, lakini mwenzake wa chumbani alimpiga mmoja wao na jina likafa.

Yunis hakukanyaga tena dukani. Gulio baada ya gulio Atupele alimwona akishusha vyungu ng'ambo ya barabara, na Yunis alimwona pia. Mwishoni mwa mwezi wa saba Atupele alifunga duka asubuhi, akapanda gari kwenda Matema. Alimkuta ufukweni anapakua vyungu kutoka kwenye mtumbwi, maji yanamfikia magotini, milima ya Livingstone imesimama nyuma yake na ukungu kiunoni.

Atupele alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alianza kuyasema. Alisema amekuja kuomba samahani, kwa jina lake na kwa nyumba yao.

Yunis aliinua mkono wenye tope, akamzuia.

"Usiiseme," alisema. "Ukiisema nitalazimika kukujibu kwamba haina neno, ndivyo tulivyolelewa. Na ina neno, dada Atupele. Nikiamka usiku ina neno. Nikimtazama akila ina neno."

Atupele alisimama na viatu mkononi. Mawimbi yalikuja yakarudi. Alitaka kusema kwamba kwake pia ina neno, kwamba kila mteja anayeuliza dawa ya chunusi sasa anamshika robo saa mpaka wengine wanaondoka kwa kuudhika, kwamba ameandika kwa mkono karatasi ya onyo na kuibandika mlangoni, kwamba mdogo wake hamsemeshi. Lakini hayo yote yalikuwa ya kwake.

"Basi sitaisema," alijibu.

Yunis alirudi kwenye mtumbwi. Ndani kulikuwa na chungu kikubwa cha kuhifadhia maji, kile ambacho mtu mmoja hawezi kukiinua bila kukipasua. Alikishika upande mmoja, akangoja, hakugeuka wala hakuita. Atupele alitupa viatu mchangani, akakunja kitenge, akaingia majini akashika upande wa pili.

"Shika chini," alisema Yunis, kwa ukali. "Mdomo ukishikwa unavunjika."

Akashika chini, wakakipandisha.